Tiketi Kumi na Moja za Kitasa Kibovu

Watu mia nne na sabini na moja waliingia kuangalia filamu yangu wikendi ile. Najua, kwa sababu niliwahesabu mwenyewe, kichwa kwa kichwa.

Jumatatu asubuhi ripoti ya ukumbi ikaingia kwenye simu. Tiketi zilizouzwa: kumi na moja.

Nikadhani simu imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha. Kumi na moja.

Jamani, mimi nina hasira za karibu. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Sasa tulieni niwape mkasa wenyewe, mjue kwa nini mpaka leo nikikaribia ukumbi ule navuka barabara.

Filamu inaitwa *Kitasa Kibovu*. Inamhusu mpangaji anayefungiwa nje ya chumba chake na mwenye nyumba. Tuliipiga siku kumi na tisa nyumbani kwa shangazi, kwa kamera moja ya kukodi.

Mama yangu ni fundi cherehani, yeye ndiye aliyeshona nguo zote. Rafiki yangu Bonge alikuwa fundi sauti. Siku mwigizaji wa mpangaji alipougua, Bonge huyo huyo akaigiza mgongo wake, na shati likamchanikia kwapani.

Miaka mitatu nilizunguka na ile filamu mkononi. Kila ofisi wimbo ni ule ule: "Nzuri sana. Lakini nani atalipa kuiona?"

Mwishowe ukumbi mmoja mdogo wa viti themanini ukatupokea. Ijumaa mpaka Jumapili, maonyesho mawili kwa siku.

Msambazaji mmoja akanipa neno moja tu kwenye simu. "Uza tiketi mia tatu wikendi hii, naipeleka kwenye kumbi kumi na mbili. Usipofika, tusisumbuane."

Mia tatu kati ya viti mia nne na themanini. Roho yangu yote ilikuwa hapo.

Wikendi nzima mimi na Bonge tulijibanza kwenye chumba cha projekta, tunachungulia kwenye kidirisha. Sikutaka watu wanione navyotetemeka.

Ijumaa saa nane, pakajaa. Saa kumi na moja, pakajaa. Jumamosi, pakajaa mara mbili. Jumapili, hivyo hivyo.

Watu walicheka panapochekesha. Palipotakiwa kimya, hata kikohozi hukusikia. Kuna mama mmoja alisimama akamfokea mwenye nyumba kwenye skrini, "We shetani, hebu mfungulie!"

Bonge akanipiga mgongo nusura nimeze ulimi. "Bosi, tumetoboa!"

Kila onyesho likiisha nashuka, namkuta mama yangu nje ya mlango na mkoba wake mkubwa, anapeana mikono na kila anayetoka. Nikasema moyoni, ona mzazi anavyojivunia mwanawe. Machozi yakanilengalenga.

Halafu Jumatatu naletewa kumi na moja!

Sikupiga hata mswaki. Nilifika ukumbini wanafungua mlango. Dirishani alikuwepo yule dada muuza tiketi, mwembamba, miwani puani, anafuta kioo.

"Tiketi zangu ziko wapi?"

"Karibu, kaka. Tiketi zipi?"

"Usinikaribishe! Watu mia nne na ushee wameingia humu, ripoti inasema kumi na moja. Zilizobaki umekula na nani?"

"Kaka, ngoja nikueleze. Wengi walioingia, pale mlangoni walikuwa na..."

"Mlangoni haziuzwi tiketi! Zinauzwa hapa, kwako!"

"Ndiyo, lakini nisikilize kidogo tu."

"Nimsikilize mwizi, mimi?"

Hakujibu. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona huko kunyamaza ndiko kukiri.

Nikatoa simu, nikajirekodi pale pale, yeye anaonekana nyuma ya kioo. Nikamwaga povu. Nikasema wasanii wadogo tunanyonywa damu, wezi ni hawa hapa, mtazameni usoni. Nikairusha mtandaoni.

Mpaka jioni imetazamwa na watu elfu tisini. Elfu tisini! Filamu yangu haijawahi kuota namba hiyo.

Maoni yakamiminika. "Mwizi mkubwa." "Tutamtafuta." Kuna aliyemtambua, akaweka namba yake ya simu. Mwingine akachimba mpaka akapata namba ya mama mkwe wake, akampigia kumuuliza kama anajua mkwewe ni jambazi.

Na mimi nilikuwa nasoma moja moja, nafurahi. Siwadanganyi, nilifurahi. Nilijiona mpiganaji.

Msambazaji naye akaandika: "Kumi na moja? Basi, ndugu yangu. Kila la heri." Nikamjibu kwamba nimeibiwa, asubiri nitamletea ushahidi.

Jumatano meneja wa ukumbi akaniita. Nikaenda na Bonge, nimevaa fulana niliyochapisha maneno TUMECHOKA KUIBIWA. Nilikwenda kivita.

Meneja ni mzee mmoja mpole, anaongea taratibu kama anayehofia kumwamsha mtu. Hakunipa hata kiti. Akasukuma karatasi mezani.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Soma kwa sauti."

Ilikuwa barua yangu mwenyewe. Niliiandika wiki mbili kabla, tulipopanga onyesho moja la bure la familia na waigizaji siku ya Alhamisi. Nilichapisha kadi themanini za mwaliko, karatasi nzito, maandishi ya dhahabu, na picha yangu ukurasa mzima. Zikauma mfuko, lakini nilipendeza.

Barua ilisema: "Mwenye kadi yenye sahihi yangu aingie bure. Tafadhali kadi zisichanwe mlangoni, warudishiwe wageni wabaki nazo kama kumbukumbu."

Zisichanwe, kwa sababu zilikuwa na sura yangu. Sikutaka mtu anichane.

"Onyesho la Alhamisi si lilifutwa?" nikasema. "Si projekta yenu ilikufa?"

"Lilifutwa. Kadi ulizifuta?"

Nikaitazama tena ile barua.

"Kadi zako hazina tarehe," meneja akaendelea.

Ni kweli, hazikuwa nayo. Wakati tunachapisha, ukumbi ulikuwa haujathibitisha siku, na mimi nilikuwa na haraka ya kuiona ile picha. Nikazisaini zote themanini huku naongea na simu, nikamkabidhi mama azigawe. Onyesho lilipofutwa, sikukumbuka hata kuziulizia.

Akafungua daftari la mlinzi wa mlangoni. Ijumaa saa nane, kadi sabini na saba. Saa kumi na moja, kadi sabini na nane. Ikaenda hivyo hivyo mpaka Jumapili.

"Waliokuja na hela zao tuliwaambia pamejaa," akasema. "Muuza tiketi alirudisha watu mpaka akaona haya. Alikutafuta kwenye simu Jumamosi mara nne."

Simu za namba ngeni. Niliziona, nikajua ni waandishi wanataka mahojiano, nikasema wacha wasubiri, staa hapatikani kirahisi.

Bonge akasogea mlangoni. Namjua, alikuwa anatafuta pa kukimbilia.

Nilitoka pale mpaka kwa mama, sikumbuki hata njia niliyopita. Nikamkuta kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Mama, zile kadi ziko wapi?"

Akatoa pini. Akavuta mkoba wake, akanipa bunda la kadi limefungwa kwa kipande cha kitambaa cha nguo za filamu. Sura yangu mara themanini, pembe zimechakaa kwa kupita mikononi.

Yale ya kupeana mikono mlangoni! Alikuwa anazikusanya. Onyesho likiisha anazichukua, anawapa wengine. Wateja wake wote, majirani wa wateja, na majirani wa majirani.

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuwa hulali, mwanangu. Ulikuwa unasema, viti vikiwa vitupu nitakufa. Nikasema hakitakuwepo kiti kitupu hata kimoja mimi nikiwa hai."

"Mama, umeniua!"

Nilipiga kelele mpaka wateja wakatoka nje. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Siku tano sikukanyaga kwake. Mpaka sasa sijui mtu anamkasirikiaje mama aliyetaka tu usilie, lakini nilikasirika, na nikisema sikukasirika nitakuwa mwongo.

Nilirudi kwa meneja kesho yake, fulana nimeiacha nyumbani. Nikamwomba nimwone yule dada.

"Hayupo. Wakubwa walimtoa dirishani mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi umeisha, lakini yeye amekataa kurudi. Anasema watu wanamtazama mikono."

Kisha akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Wewe ulinunua tiketi ya filamu yako?"

"Mimi? Mimi ndiye mwenye filamu."

"Mama yako je? Rafiki yako mnene?"

Nikatikisa kichwa.

"Kati ya zile kumi na moja, nne alinunua yeye. Wafanyakazi hapa tunaingia bure filamu yoyote. Nilimwambia aweke hela zake. Akasema, 'Meneja, hii filamu ni ndogo, kila mtu anaingia bure. Mimi nalipa.'"

Nikamwomba anielekeze anakoishi.

Nilimfuata kwake. Ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Alifungua nusu, mnyororo haujatolewa.

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Video nimefuta."

"Na walioiona umewafuta?"

"Nimeweka nyingine ya kukusafisha."

"Nimeiona. Imetazamwa na watu mia mbili na sita."

Ni kweli. Kuchafua, elfu tisini. Kusafisha, mia mbili na sita. Msamaha wangu nao haukuuza.

"Nilikuja na mume wangu, dada yangu na mama mkwe," akasema. "Mama mkwe ndiye aliyesimama kumfokea mwenye nyumba. Jumapili nzima alikuwa anaisimulia. Ile filamu ni nzuri, kaka, sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Lakini sasa hakuna anayeitaja humu ndani."

"Dada, nisikilize kidogo tu..."

Yalikuwa maneno yake ya pale dirishani, sasa yanatoka kwangu.

Yeye akayasikia pia. Akanitazama, mnyororo ule ule katikati yetu, akafunga. Nikasikia kitasa kikizunguka mara mbili. Cha kwake ni kizima.

*Kitasa Kibovu* haikwenda ukumbi wa pili. Imeishia hapo hapo, tiketi kumi na moja.

Ninyi mnaojiita mashabiki, ndugu na majirani wa msanii, sikieni. Usimwombe kadi ya bure. Lipa, hata kama ni mtoto wa dada yako.

Na wewe mwenye kidole chepesi kama mimi, mtu akikuambia "ngoja nikueleze", mwache amalize sentensi. Ya yule dada ilibakiza neno moja tu, "kadi". Ningelisikia lile neno, ningepoteza filamu peke yake.