Majina ya Novemba

Mwalimu Mwanaima alianza kutengeneza sinema ya boksi mwaka 1994, katika shule ya msingi tuliyofundisha pamoja kule Likunja. Alichukua boksi la sabuni, akakata dirisha upande mmoja, akapitisha vijiti viwili, na kwenye vijiti akazungusha karatasi ndefu ya mifuko ya saruji iliyounganishwa kwa uji wa muhogo. Kwenye karatasi alichora picha. Nyuma ya boksi aliweka redio kaseti yenye sauti za wanafunzi, na kila picha ilipotakiwa kubadilishwa, kwenye kaseti kilisikika kijiko kikigonga chupa.

Kazi yenyewe haikuwa kuchora, ilikuwa kupanga. Kabla ya somo aligawa ubao mafungu matatu: juu picha, chini maneno, pembeni sauti. Mara moja alikwenda shambani kurekodi mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, akarudi akafuta nusu ya maneno aliyokwisha kuyaandika, kwa sababu mashine ilikuwa inajieleza. Alikuwa akituambia kwamba palipo na sauti nzuri, mwalimu anyamaze.

Walimu walitoka mbali, Lionja na Chiola, kuja kuliona boksi lile. Mumewe alikuwa ameshafariki, binti yake ameolewa Nachingwea. Nadhani boksi ndilo lililomfanya aone kwamba bado kuna mtu anamtafuta yeye, si mwingine.

Mwaka 2005 akahamia kwetu Mwalimu Doreen, binti aliyekulia Arusha, ana kamera ndogo na kompyuta ya kupakata aliyopewa na kaka yake. Aliomba afundishwe mpango wa sinema ya boksi. Mwanaima akamfundisha kwa moyo mweupe, mchana kutwa. Novemba ile Doreen akawapiga picha na kuwarekodi watoto wa darasa la tatu wakieleza kilimo cha korosho, kila mmoja akianza kwa kutaja jina lake. Mpango ulikuwa uleule: picha, maneno, sauti. Ila sasa nyuso zilikuwa nyuso za kweli, na walimu waliozoea kupita kando ya boksi bila kugeuka walijazana nyuma ya kiti cha Doreen.

Wivu wa Mwanaima haukuwa wa kelele. Aliendelea kumsalimia mwenzake, akamletea hata mihogo. Lakini alianza kulifuta boksi vumbi kila asubuhi, na mtu akimsifu Doreen mbele yake alijibu, "Ndiyo, ana kompyuta."

Kisha zikaja habari kwamba kituo cha walimu Nachingwea kinatafuta mwalimu mmoja wa kuhamia pale, awafundishe wenzake kuandaa masomo ya picha na sauti. Ofisa angekuja Januari kuangalia somo mbele ya wazazi. Mwanaima aliitaka nafasi ile kuliko chochote alichowahi kukitaka. Mwalimu mkuu akaamua lionyeshwe somo la Doreen, na boksi liwekwe mezani pembeni kama kumbukumbu. Neno hilo, kumbukumbu, Mwanaima alilirudia kwangu taratibu, kama mtu anayeonja mboga iliyochacha.

Ijumaa kabla ya ugeni, Doreen alimwita Mwanaima ofisini amwonyeshe kazi iliyokamilika. Wengine tulikuwa tumeondoka; haya Mwanaima alinisimulia baadaye.

Disemba watoto wale walikuwa wameingia jandoni na unyagoni. Kwetu mtoto akitoka huko hutoka na jina jipya. Lile la utotoni limezikwa. Kumwita kwalo mbele za watu ni kumvua nguo, na aliyeita hutozwa kuku. Doreen hakulijua hilo. Shule ilikuwa imefunguliwa juzi tu, na yeye alikuwa amepewa darasa la saba, kwa hiyo hakuwa amewasikia watoto wakiitana. Mwanaima alikaa akasikiliza majina yote ya Novemba mpaka la mwisho.

"Dada, kuna cha kurekebisha?" Doreen akauliza.

"Hakuna, mdogo wangu. Kiko sawa."

Jumatatu jenereta likawashwa, shuka jeupe likatundikwa. Uso wa kwanza ulikuwa wa mtoto wa Hajra, mmoja wa wazazi waliokuja, na spika ikalitoa jina lake la zamani kwa sauti ya kujaza darasa. Silitaji hapa, mwenyewe sasa ni mtu mzima. Wavulana wakubwa wakacheka. Saturnini, aliyekuwa mtani wa nyumba ile, akasema kutoka nyuma, "Hajra, kumbe mwanao bado yuko porini? Mlitulisha ubwabwa wa nini?" Mtoto, ambaye tangu Disemba aliitwa Kaimu, akainamia miguu yake. Doreen alikuwa anatabasamu, akidhani watu wamefurahi.

Uso wa pili ukatokea, wa msichana. Mwanaima akainuka, akaizima spika, akasimama kando ya shuka.

"Huyu ni Mwantumu," alisema. "Anatuonyesha namna ya kubangua."

Akaendelea hivyo, uso kwa uso, kila mtoto kwa jina lake jipya, maneno yote kichwani. Alipofika kwenye picha ya mashine ya salfa aliiwasha spika na kunyamaza.

Ofisa alipiga makofi. Alisema hajaona somo lililopangwa vile, picha za kompyuta na sauti ya mwalimu mwenyewe, akauliza nani amepanga. Mwalimu mkuu akamtaja Doreen. Doreen akasimama, akasema wamefanya wawili. Ofisa akamgeukia Mwanaima.

"Mimi nimesoma majina tu," Mwanaima akajibu.

Watu waliuona unyenyekevu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Hakutaka kugawiwa nusu ya kitu alichokiona ni chake chote. Likaandikwa jina la Doreen.

Wazazi walipokwisha kumweleza kosa lake, Doreen alimfuata Mwanaima uwanjani, macho mekundu, akamshukuru kwa kumwokoa. Mwanaima alimwambia hakumwokoa yeye.

Jioni akaniomba nimsindikize kwa Hajra. Alibeba kuku wake mwenyewe, koo wa mayai. Hajra alikuwa anamenya mihogo.

"Kuku anadaiwa yule mgeni, Mwalimu. Wewe unalipia nini?"

"Nilijua tangu Ijumaa."

Hajra akaweka kisu chini. Akamwita Kaimu kwa jina lake, akamwambia ampokee kuku kwa mikono yake. Mtoto akampokea bila kumtazama mwalimu.

"Mgeni ataleta mmoja, maana hakujua," Hajra akasema. "Wewe ni wawili."

Mwanaima akasema wa pili atamleta asubuhi.

Njiani aliniuliza kama nyumba za walimu kule Nachingwea zina umeme. Nilimwambia zina.