Mabuti Kando ya Jiko

Watu walimwita Ndimu, na aliyetaka kujua sababu alihitaji tu kumpelekea kiatu kichafu. Alikuwa fundi viatu kwa miaka thelathini, na ulimi wake ulikata kuliko kisu chake. "Kiatu kinakubeba mchana kutwa, wewe unakilaza na tope lake," alimwambia siku moja mwalimu mkuu wa shule, mbele ya wanafunzi. "Huna hata haya." Mwalimu mkuu alinuna wiki nzima, halafu akarudi. Wote walirudi. Kiatu kilichopita mikononi mwa Ndimu kilivuka dimbwi soksi ikabaki kavu, na mtu wa namna hiyo huvumiliwa mengi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na mafundi wawili, na huyo wa pili alikuwa balaa. Alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, na jina lake la mtaani ni Chapchap. Marehemu ndiye aliyeomba ndugu yake apewe kona. Ndimu alitoa kona, akachora mstari wa chaki sakafuni, na kila Jumatatu aliupitia upya asije mtu akajisahau. Ng'ambo ya mstari, Chapchap alifuta tope juu juu, akapaka polishi juu ya lile lililogoma kutoka, akasugua mpaka mteja akajiona meno. Kiatu kiling'aa siku mbili. Siku ya tatu kilimuumbua mwenyewe.

"Haraka haraka haina baraka," Ndimu alisema kila asubuhi, badala ya salamu.

"Na polepole haina wateja," Chapchap alijibu. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Lakini ugomvi wa shemeji ulikuwa mchezo ukiulinganisha na ugomvi wa binti. Ndimu alijaliwa binti mmoja tu, na binti huyo alipata kazi ya askari wa msitu: kutembea milimani siku sita mfululizo, mvua juu, matope chini. Siku alipoleta habari nyumbani, baba mtu hakusema hongera. Alisema, mbele ya majirani waliokuja kupongeza, "Mguu huo utarudishwa na machela." Binti naye hakuwa wa kuokotwa, ulimi ule aliurithi mzima. "Afadhali mimi nina ninapokwenda," alisema. "Wewe umepaka viatu vya wasafiri maisha yako yote, na mwisho wa barabara hii hujaufika." Majirani wakaaga mmoja mmoja. Binti akahamia kambini, na kwa miezi minne kila alipomkuta baba yake njiani alipita kimya. Mtoto kumnyima mzazi shikamoo! Afadhali angemrushia jiwe.

Jumanne moja adhuhuri akaingia chumbani mle, katoka doria, kavaa kandambili, mabuti yake ya ngozi mkononi yakichuruzika maji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu! Karibu, karibu sana." Chapchap aligeuza jicho ng'ambo ya mstari aone kama imeuma. Ilikuwa imeuma.

"Tunapanda tena Alhamisi asubuhi. Nayataka makavu, na yasiingize maji. Juzi mwenzetu kashushwa kwa machela, nyayo zimechubuka zote, na daktari anasema huenda vidole viwili vikakatwa. Kisa mabuti yalikuwa yanavuja tu."

"Kwangu hayavuji."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe," binti akasema kwa sauti ya kusikiwa na anayehusika, akatoka.

Ndimu hakuinua kichwa, ila sindano yake ilipita tundu moja mara mbili.

Chapchap alisogeza jiko la mkaa alilokuwa akichemshia chai, akayaegesha mabuti hapo hapo, karibu mno, mpaka ngozi ikaanza kufuka mvuke. Ndimu aliona. Fundi yeyote aliyefunzwa anajua kwamba ngozi iliyolowa haipelekwi motoni. Inakakamaa, kisha inapasuka pale mguu unapokunja, na gundi ya soli inalegea bila mwenye kiatu kujua mpaka afike mlimani. Aliyajua yote hayo na akakaa kimya. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alifurahi. Yapasuke, alijisemea. Yamfumukie huko huko juu, akumbuke baba alisema nini, na huyu mpumbavu aumbuke mji mzima. Alikaa na furaha yake hiyo robo saa nzima.

Kisha macho yake yakaangukia kamba za buti la kushoto.

Binti huyo, alipokuwa na miaka tisa, alianguka kutoka ukutani akaumia kifundo cha mguu, kikapona na kinundu kwa mbele. Ndimu ndiye aliyegundua kwamba ukipitisha kamba na kuliruka tundu la tatu, kinundu hakiumi. Miaka yote ya shule alimfungia hivyo kila asubuhi, akimgombeza kwa kuchelewa. Sasa kamba zilipita matundu yote, pamoja na hilo la tatu, na juu ya ulimi wa buti palikuwa na doa la damu. Yaani mtoto ameona heri atoke damu kuliko kufunga kiatu kwa mtindo wa baba yake. Ukaidi huo ulitoka wapi, kama si kwake mwenyewe? Furaha ikamgeukia shubiri.

Chapchap alipotoka kwenda kununua sukari, Ndimu alivuka mstari wa chaki kwa mara ya kwanza tangu auchore, akayatoa mabuti jikoni.

"Wewe!" Chapchap alimkuta nayo mapajani. "Umevuka mstari!"

"Na wewe umevuka akili. Unamwoka mtoto wa dada yako miguu."

"Ni mteja wangu huyo! Nitamwambia umeyagusa."

"Mwambie. Atayachukua hivi hivi, apande nayo. Akishushwa kwa machela, uende kaburini ukamweleze dada yako."

Chapchap alikaa chini. "Sasa niseme nani kayatengeneza?"

"Sema wewe. Uongo haujawahi kukupiga chenga. Akijua ni mimi atayatupa mtaroni."

Aliyashughulikia siku ile na iliyofuata. Alitoa kamba na soli za ndani, akaosha tope kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, mishono akaisugua kwa mswaki wa zamani. Alijaza magazeti ndani, akayabadilisha kila yalipolowa, akayaweka mabuti dirishani kivulini yapigwe na upepo. Buti la kushoto lilikuwa limeanza kukakamaa kwenye mkunjo. Alilikanda kwa mafuta kidogo kidogo, kwa vidole, mara tatu, mpaka likakubali kujikunja. Ndipo akaleta nta ya nyuki, akaipaka kwa dole gumba mshono hadi mshono, na zaidi pale ngozi inapokutana na soli, maana maji ni mwizi, hupitia mlango mdogo. Mwisho alidondosha tone la maji, likateleza likaanguka. Muda wote huo alimtukana shemeji yake bila kupumzika, na shemeji mtu akatazama kila hatua.

Alhamisi mvua iliamka na watu. Binti aliingia na mzigo mgongoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hayo hapo. Nimehangaika nayo, we acha tu!"

Alivaa la kulia, akalifunga. Alipovaa la kushoto, mkono ulisimama kwenye tundu la tatu. Kamba ilikuwa imeliruka. Akaitazama.

"Na kamba umepitisha wewe, mjomba?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Binti aligusa tundu lililorukwa. Kisha akapaza sauti. "Hongera, mjomba. Wapo wenye miaka thelathini kazini na hawafikii hapa."

"Ngozi nzuri," Ndimu aliunguruma ng'ambo ya mstari, "imepata mguu mbaya."

Binti alikaza kamba vile vile ilivyopitishwa, akasimama, akakanyaga sakafu mara mbili. Nje ya mlango palikuwa na dimbwi. Aliingiza mguu wa kushoto katikati yake, akatulia humo, akisubiri. Maji hayakuingia. Hakugeuza shingo.

"Shikamoo," alisema, akashika njia kwenye mvua.

Chapchap akafungua kinywa. "Mara..."

"Funga mdomo!" Ndimu alikuwa amesimama, sindano mkononi, na sauti yake haikuwa na nguvu ya kila siku. "Wewe umeshaamkiwa. Hiyo si yako."