Digrii ya Uchumi Yenye Mkia wa Siasa

Baba yangu ana miaka hamsini na nne, watoto sita, na ni mwenyekiti wa kwaya parokiani. Sasa niambieni, mtu kama huyo anajificha kwenye bani la kukaushia tumbaku kwa sababu gani?

Tena anajificha kunikimbia mimi, binti yake wa tatu.

Mchana kweupe!

Naitwa Veridiana Nijimbere, wa Ulyankulu, huku Tabora. Haya yalinikuta Septemba mwaka jana, na mpaka leo mama akiyakumbuka anatua sufuria chini kwanza ili acheke vizuri.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na matokeo yalikuwa mazuri. Mwalimu wangu wa uchumi, Mwalimu Leodgar, akaniambia kuna digrii inayounganisha uchumi na siasa. Miaka mitatu, unasoma vyote viwili.

Jamani, sikulala. Sisi tunalima tumbaku. Bei inapopangwa, hatupo. Nikasema uchumi utanieleza nusu ya habari, nusu nyingine iko kwenye siasa.

Nikampelekea baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Sema."

Nikasema. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachomoa njiti mdomoni.

"Uchumi sawa. Huo mkia wake ukate."

"Mkia upi, baba?"

"Siasa. Siasa haisomwi kwenye nyumba hii."

Akanyanyuka. Mjadala umefungwa hivyo.

Nikajifanya mtoto mwema. "Sawa baba, uchumi mtupu."

Uongo mtupu!

Nikaomba vyuo viwili. Kimoja uchumi peke yake, cha kumwonyesha baba. Kingine uchumi na siasa, cha kwangu. Mpango ulikuwa nikichaguliwa nichukue cha pili kimyakimya, mzee aje ajue nikiwa mwaka wa pili, hana la kufanya.

Nilijiona nina akili sana.

Kasoro moja tu. Sikuwa na simu. Namba niliyojaza kwenye maombi ilikuwa ya baba.

Basi Alhamisi moja Mwalimu Leodgar akaja mbio na pikipiki. "Veri! Vyuo vyote viwili vimekuchukua! Wametuma namba ya siri kwenye simu. Konfemu chuo kimoja kabla ya kesho jioni."

Nikakimbilia ndani. Baba hayupo. Baiskeli haipo. Napiga kwa simu ya mwalimu, haipatikani.

"Amekwenda senta, kwa Stela wa steshenari," mama akasema. "Amevaa shati la kanisani."

Presha ikapanda. Mtu havai shati la kanisani kwenda kutoa kopi.

Nikafika senta nahema kama mbwa. Steshenari ina kufuli, Stela kaenda msibani. Nikageuza.

Kufika nyumbani, naona baiskeli imeegemezwa kwenye bani. Msimu wa kukausha ulishapita zamani, mle ndani hamna hata jani.

Nikasukuma mlango.

"Usiingie!"

Nikaingia. Baba kakaa juu ya debe, shati jeupe lina masizi mgongoni, simu kaishika kwa vidole viwili kama inaunguza.

"Baba, umefanya nini?"

"Mbabarira, mwana wanje."

Baba akihamia Kirundi ujue mambo ni mazito. Lakini kuniomba msamaha? Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia.

"Nilitaka nikuchagulie mwenyewe uchumi, usije ukanigeuka," akasema. "Stela akafungua mtandao. Nikaona mistari miwili, yote ya Kizungu, yote inaanza na Ikonomiksi. Neno hilo mwalimu wako alinikaririsha. Mmoja mfupi, mmoja mrefu."

"Halafu?"

"Nikasema binti yangu hawezi kuchukua kidogo. Nikagusa ule mrefu. Stela akabonyeza."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo nikauliza, haya maneno yaliyozidi yanasemaje? Akaniambia, ni siasa hiyo mzee, hongera sana."

Wadau, niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi. Ndani naruka sarakasi, usoni nimekunja sura kama mfiwa.

"Haibadiliki?"

"Stela kasema imeshapita hiyo. Nimekuharibia maisha, mama."

"Basi baba," nikasema kwa sauti ya unyonge, "nitavumilia."

Nilisema hivyo kweli. Mungu anisamehe.

Akanishika mkono. Akasema atauza mbuzi wawili aninunulie simu ya kupangusa, walau nipoe. Nikajibu itanipoza.

Ningeishia hapo ningekuwa mshindi. Ila baba akaendelea, safari hii hakuwa ananitazama.

"Babu yako alikuwa mwalimu. Mwaka sabini na mbili, kule Burundi, walikuja watu wenye orodha. Jina lake lilikuwemo, wakamchukua, hakurudi. Mimi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni kwa bibi yako, kutembea sijui. Siasa ninayoijua mimi ni hiyo."

Miaka yote hiyo alikuwa anatuambia babu alikufa kwa homa.

Nikakaa chini, palepale kwenye majivu.

"Baba, hukukosea. Ule mstari mrefu ndio nilioutaka mimi. Nilikudanganya. Nilipanga niuchukue kwa siri."

Nikasubiri kofi.

"Kwa nini?"

"Mwanzo ilikuwa bei ya tumbaku. Sasa nataka kujua watu wanafikaje mahali pa kuandika orodha kama ile. Na wengine wote wanakuwa wapi inapoandikwa. Hicho hakimo kwenye uchumi."

Akafuta uso kwa mkono wa shati, masizi yakahamia usoni. Nilitamani kucheka na kulia pamoja.

"Aliitwa Tobia," akasema. "Ukikuta huko kitabu kinachoueleza mwaka ule, uje unisomee. Kwa Kiswahili."

"Nitakusomea, baba. Na ile simu?"

"Simu ipi? Mbuzi wangu wamekosa nini?"

Basi ndugu zangu, nikaenda chuo hivyohivyo. Likizo ya kwanza nimerudi na kurasa arobaini za kopi, nikakaa na baba siku tatu nikimtafsiria. Siku ya pili alinisimamisha, akatoka nje, akarudi, akasema endelea.

Ninachotaka kuwaambia ni kifupi. Mzazi akikukatalia jambo, kabla hujapanga namna ya kumzunguka, muulize anaogopa nini. Mimi kuuliza tu kungenichukua dakika tano.