Uvundo Chini ya Jiko la Boti

Veneranda Kalinga hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu. Alikulia Tosamaganga, akajifunzia upishi jikoni kwa masista, mahali ambapo sufuria yenye masizi ilirudishwa kusuguliwa hata kama wageni wameshakaa mezani. Kwa hiyo siku alipoteremka jikoni mwa boti ya nahodha Isakwisa, kule Matema, alijiziba mdomo asitapike.

Kazi aliihitaji, maana mumewe alikuwa amevunjika mguu. Boti ilibeba abiria na mizigo kando ya Ziwa Nyasa hadi Lupingu. Jiko lilikuwa chumba cha chini kisicho na dirisha, mafuta ya zamani yameganda ukutani, mende wakitembea juu yake bila haraka. Mtungi wa gesi ulilazwa uvunguni mwa kitanda cha nahodha, kilichokuwa humo humo jikoni. Mpira wake ulitafunwa na panya, ukazungushiwa kipande cha tairi la baiskeli. Chini ya mbao za sakafu, tumboni mwa boti, maji meusi yalichezacheza na usipa waliooza.

"Nahodha, uvundo gani huu?"

"Usipa, mama. Ziwa lina samaki." Isakwisa alichokonoa jino kwa kijiti, kisha akachovya kijiti hicho hicho kwenye mchuzi, akaonja.

Veneranda aliumwaga mchuzi wote.

Safari baada ya safari alipika amejifunga kanga puani. Kichwa kilimgonga kila alipoinama, akaulaumu uvundo. Asubuhi moja, boti ingali imefungwa na abiria wanapanda, uvumilivu ulimwisha. Aling'oa mbao, akashuka na ndoo na sabuni. Alichota usipa waliogeuka uji, soksi iliyoota ukungu, panya aliyevimba. Alikimbilia juu, akatapika ziwani, akarudi kusugua.

Uvundo wa samaki uliisha. Harufu haikuisha. Ilibaki kule chini kabisa, kali, kama kitunguu kilichooza.

Aliinama, akanusa tena. Gesi! Kwa masista mtungi ulikaa nje ya ukuta. Ikivuja, inakwenda zake. Hapa ilikuwa imeteremka kwa uzito wake, ikatulia tumboni mwa boti isiwe na pa kutokea, nao usipa wakaificha.

Aliufunga mtungi, akapanda mbio. Isakwisa alikuwa na sigara mdomoni na kiberiti mkononi. Fundi wake, Sifaeli, alikuwa anaiendea injini.

"Sifaeli, usiwashe! Gesi imejaa chini!"

Isakwisa akacheka. "Wewe Mnyalukolo wa Tosamaganga, umelewa sabuni."

Veneranda alimpokonya kiberiti, akakitupa majini. "Jamani, teremkeni! Wote!"

Waliteremka wakisukumana. Sifaeli alishuka jikoni akanusa, akarudi mbio akisema ni gesi kweli. Walifungua kila kifuniko upepo upite, kisha wakaichota ile gesi kwa ndoo na kuimwaga nje kama maji. Watu ufukweni walicheka kuona ndoo tupu zikimwagwa, mpaka harufu ilipowafikia.

Mtungi ulipotolewa nje, Sifaeli alipaka mpira povu la sabuni. Pembeni mwa tairi mapovu yalivimba, yakapasuka, yakavimba tena. Isakwisa alilamba kidole, akakigandamiza pale.

"Si mnaona? Pameziba."

Veneranda aligeuza uso. Mtu huyu angewachoma wote, kisha atemee majivu mate na kusema moto umezimika.

"Mimi siiwashi injini," Sifaeli alisema. Abiria nao wakakataa kupanda.

Isakwisa alinuna, akatukana, mwishowe akakubali. Boti haikuondoka mpaka ulipopatikana mpira mpya, na mtungi ukafungwa wima sitahani, ndani ya kasha lenye matundu chini. Tangu hapo, Veneranda akimaliza kupika alifunga kwanza kwenye mtungi, akasubiri moto ujifie wenyewe, gesi isibaki ndani ya mpira.

Siku moja nahodha alimfuata jikoni. "Ndaga, mama," alisema, yaani asante, akanyoosha mkono.

Veneranda aliutazama mkono ule na kucha zake nyeusi. Akampa kiwiko.