Maharage ya Shangazi Yaliyoliwa Mbele ya Kamera

Saa mbili asubuhi soko la nafaka limeshachangamka, na Lenzi anaingiza mkono kwenye gunia la nne. Anachota maharage, anayamwaga kiganjani na kuyageuza moja moja kama anayechambua mchele wa wageni. Kisha anayarudisha.

"Dada wa maharage, leo unanunua au umekuja kuyasalimia tu?" muuzaji anamtania. Wenzake wanaangua kicheko. Lenzi naye anacheka, lakini kicheko chake kinaishia mdomoni.

Mkoba alioning'iniza begani ni wa kamera, wenye vyumba vya sponji vilivyokatwa kwa vipimo. Leo kamera haimo. Vyumba vyote vimejaa vifuko vya maharage, kila kimoja kikiwa na jina la soko kilikotoka. Hili ni soko la ishirini na tatu.

Lenzi ni jina la utani la kazini. Ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya kamera, akipiga filamu za maisha halisi. Miaka miwili iliyopita, yeye na mwongozaji wake walitengeneza filamu kuhusu chakula cha asili na kilimo kisichochosha ardhi. Mhusika mkuu alikuwa shangazi yake, mjane wa miaka sabini na minane, pamoja na maharage ambayo ukoo wao umeyapanda tangu enzi za mabibi.

Ni maharage meupe yenye mstari wa kahawia mgongoni. Huiva upesi kwa kuni chache, na jua kali hayalijali. Majirani waliowahi kugawiwa walishahamia mbegu za dukani siku nyingi. Mwaka ule wadudu waliingia kwenye mtungi wa akiba, hivyo shangazi akapanda punje zote zilizosalimika. Yalipozaa, akachagua mashina tisa bora na kuyafunga nyuzi nyekundu. Hayo yasiguswe, yakaukie shambani, yawe mbegu.

Nyuzi zile hazikuwa za kutazamwa. Shangazi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na huvuna kwa kupapasa. Kidole kikigusa uzi, mkono unahamia shina jingine.

Kwenye kamera, nyuzi ziliharibu picha. Mwongozaji hakuzipenda hata kidogo. "Zinaonekana kama takataka," alisema. "Watu wanataka kuona shamba la asili."

Aliyezifungua ni Lenzi mwenyewe.

"Nilijua kazi yake, nimekulia kwenye shamba lile," anasema, huku akifunga zipu ya mkoba. "Nikajiambia, tukimaliza nazifunga tena. Nikazitia mfukoni. Mara mwanga ukawa mzuri, tukakimbilia kisimani, nikasahau. Watu wanasahau miavuli. Mimi nikasahau hilo."

Kesho yake tukio la mavuno lilirudiwa mara tatu. Mara ya kwanza upepo uliingia kwenye maikrofoni, mara ya pili wingu likapita. Kila mara shangazi aliambiwa, "Bibi, vuna tu kama kawaida yako," naye akavuna mpaka kapu likajaa, pasibaki ganda hata moja shambani.

Jioni maharage yale mabichi yakapikwa kwa ajili ya tukio la mlo. Watu waliokuja kutetea mbegu za asili wakakaa kitako, wakazila mbegu zenyewe, na wakaomba kuongezwa.

Filamu ilipata tuzo. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Huku nyuma yale mashina tisa yalikuwa yameshachoka, hayakutoa hata ua.

"Shangazi alinipigia simu siku ya tatu baada ya yale mavuno," Lenzi anasema. "Wala hakunigombeza. Akaniuliza, 'Mwanangu, zile nyuzi nani kazitoa?' Nikamwambia, labda mbuzi." Anatazama pembeni. "Akaniuliza kama mbuzi siku hizi wanafungua mafundo. Nikajifanya mtandao umekatika."

Aibu hiyo ndiyo inayomtembeza masokoni. Mwongozaji aliposikia anatafuta mbegu, alimpigia kwa furaha. "Hii ndiyo sehemu ya pili!" alisema. "Gari lipo, dereva yupo, wewe beba kamera tu." Lenzi akamwambia atafute mpigapicha mwingine, na hawajaongea tena. Siku hizi anapiga harusi na mahafali. Sherehe moja, ukitoa kodi ya chumba, humpa nauli ya masoko mawili.

Kila mwezi humpelekea shangazi vifuko vipya. Shangazi anang'ata punje, anaitafuna taratibu, anatikisa kichwa. "Si yenyewe, mama." Lenzi anakunywa maji, anaaga, anaondoka bila kuzitaja zile nyuzi.

"Yamebaki masoko matatu ng'ambo ya mto," anasema. "Nikiyapata, nitamwambia ukweli nikiwa nimeyashika. Mikono mitupu siwezi. Nitaanzaje?"

Mwandishi wa makala hii alimkuta shangazi uani kwake, akipepeta mtama. Kipande cha shamba cha maharage kilikuwa wazi, kimelimwa, hakijapandwa kitu kwa msimu wa nne. Alipoulizwa kama bado ana matumaini ya kuipata mbegu ile, aliweka ungo chini.

"Maharage nimeshayalilia, yamekwisha," alisema. "Mimi namngoja mtoto wa kaka yangu. Kila mwezi anakuja, ananiletea vya watu, halafu anaondoka bila kusema. Hivi anadhani mimi sijui?"

Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Yeye anasoma magazeti. Mwandikie aje hivyo hivyo, mikono mitupu. Na asingoje msimu mwingine, maana mimi misimu yangu naihesabu."