Wembe wa Kimeo

Mpaka leo sijajua virusi vya yule dada mdogo vilitoka kwa nani.

Nilikuwa nangoja majibu ya malaria kwenye dirisha la maabara, hapa Rumonge. Mbele yangu walisimama wanawake wazee wawili wa tumbo moja, wote wana homa ya ini ya C. Mkubwa alikuwa mkata vimeo, vile vinyama vya kooni. Wembe wake uliingia vinywani mwa watoto wa nusu ya mtaa, na mwa mdogo wake pia.

"Ni mimi nilimupa," alimwambia muuguzi.

"Hapana, mama. Ugonjwa iko moja, lakini virusi ni vya namna mbili. Vyake havikutoka kwa damu yako."

Mdogo alicheka. "Dada, unapenda sifa! Hata ugonjwa yangu ulitaka ikuwe yako."

Mkubwa hakucheka. Alitazama vidole vyake. "Na damu ya wale wengine? Wembe ilikuwa moja."



Sikuweza kumlaumu mkubwa. Aliletewa watoto wanaokohoa, akawatibu kama alivyofundishwa.

Ndugu hao wawili waliamua palepale kwamba kila aliyekatwa aambiwe akapimwe. Mkubwa alitupa wembe chooni, lakini miguu yake ilikuwa imeshavimba kwa ugonjwa, hakuweza kutembea mbali. Aliyebisha hodi mlango kwa mlango ni mdogo. Kwetu alifika Jumapili, kwa ajili ya mke wangu, aliyekatwa kimeo utotoni.

"Dada amenituma," alisema, akakataa kiti, kwa kuwa milango ilikuwa bado mingi.