Ukuta Usiofika Juu

Mke wangu alipofariki tulikuwa tumeshachoma matofali ya nyumba. Yalikuwa yamepangwa kwenye kibanja, shamba letu la kijijini Buganguzi, kando ya mibuni, na siku ya mazishi wazee waliokosa pa kukaa waliyakalia. Katika siku ile hilo ndilo ninalolikumbuka vizuri zaidi: watu wamekaa juu ya nyumba yetu kabla haijawa nyumba. Mengine yamechanganyika. Sikulia. Dada yangu mdogo aliniambia baadaye kwamba watu walilisema jambo hilo.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani mjini Bukoba, nikishonea kwenye baraza la duka la Mhindi. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na bei ya kahawa ilikuwa nzuri hata watu wa vijijini wakaanza kuacha nyumba za msonge, zile za nyasi za mviringo, wakajenga za pembe nne na kuezeka mabati. Sisi tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Bilele, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Nyumba yake ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, kutoka mlango wa mbele hadi uwani, na vyumba vilitazamana huku na huku. Mchana milango yote miwili ilikuwa wazi, na upepo wa ziwani uliingia mbele ukatokea nyuma. Mke wangu alikaa ukumbini humo akichambua maharage na kucheka na wapangaji wengine. Kwao alizaliwa kwenye msonge wenye moshi. Upepo ule ulikuwa kama zawadi aliyopewa ukubwani.

Nikirudi kazini nilikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kidogo, nipumue. Mama mwenye nyumba hakuipenda.

"Baba, ingia au toka. Unatuzibia upepo."

Mke wangu aliyadaka maneno hayo. Tangu siku hiyo, kila niliposimama mlangoni, hata tulipokuwa Buganguzi kwenye nyumba ya wazazi wangu ambako upepo wenyewe haukuwapo, aliniambia, "Ee, fundi, unatuzibia upepo."

Ramani ya nyumba yetu aliichora yeye. Alichukua chaki yangu ya kuchorea nguo akapiga mistari kwenye sakafu ya kile chumba cha Bilele: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, mlango wa mbele, mlango wa uwani. Mimi niliinakili kwenye karatasi ya kukatia mitindo ya nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani, na hatukuwaza kuwa na nyingine.

Alifariki muda mfupi baada ya kujifungua binti yetu wa pili. Mtoto alichukuliwa na bibi yake, mama wa marehemu, akapelekwa kwao karibu na Rubya. Yule mkubwa, ambaye alikuwa ameanza kuota meno ya ukubwani, alibaki na mimi Bilele, akitunzwa na dada yangu. Hivyo ndivyo tulivyogawana, kama watu waliookoa vyombo kwenye moto, kila mmoja akakimbia na alichokishika.

Nilikwenda kumwona mdogo kila nilipopata lori la kahawa la kunibeba. Lakini mtu wa kwetu haonani na mama mkwe wake. Ni heshima, na zamani hizo ilishikwa kwa nguvu. Hamshikani mikono, hamli mahali pamoja, hamlali chini ya paa moja. Mkikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo mimi nilikaa nje kwenye kigoda, nimeupa mlango mgongo, na mtoto aliletwa na mke wa shemeji yangu. Bibi alikuwa ndani, na nilimsikia akikohoa.

Siku moja nilimchukua binti mkubwa twende wote. Aliletewa mdogo wake, akamtazama sana, kisha akaniuliza, "Baba, huyu ni mtoto wa nani?"

Niliporudi Bukoba siku hiyo niliamua kwamba nyumba itajengwa, na watoto wangu watalala chumba kimoja.

Lakini nani angewalea? Posa ya dada yangu ilikuwa imeshapokelewa na siku zake kwetu zilikuwa zinakwisha. Mimi sikutaka kuoa. Aliyebaki ni bibi, ambaye mwenyewe alikuwa mjane, na kwake alikuwa chini ya mkaza mwana. Dada yangu alikwenda kumwuliza, akarudi na jibu: yuko tayari kuja, ila hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake.

"Mwambie nitamjengea nyumba yake pembeni, papo hapo kibanjani," nikasema.

Dada yangu alikwenda tena, akarudi amechoka na njia.

"Anasema hivi, na usinikasirikie mimi: 'Nikilala nyumba ya pembeni na watoto, baba yao atakuwa jirani tu. Majirani ninao wengi huku.'"

Maneno hayo yalikuwa kweli.

Nikamweleza fundi mwashi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kazi safi. Aliichukua ile karatasi ya mke wangu, akaigeuza huku na huku.

"Bwana cherehani, hii ni nyumba ya watu wasioogopana. Ona, mlango na mlango, uso na uso. Mkweo akitoka kuchukua maji, huyo hapo wewe! Mtaingia wapi? Migomba haioti ukumbini."

"Basi tufanye nini?"

"Nikujengee nyumba mbili zilizopeana mgongo. Ukuta mzima katikati, toka msingi mpaka kwenye bati. Wewe mbele, yeye nyuma na watoto. Paa ni moja, lakini ukuta umeligawa, hata wazee hawatakuwa na la kusema. Ukumbi tunauua."

"Na upepo?"

"Upepo?" Alinitazama kama nimeuliza habari za twiga. "Upepo uko nje, bwana."

Nilimwambia apime zote mbili chini, bega kwa bega, kwa vigingi na kamba za migomba, nizione. Kwa kweli nilijua ya fundi ndiyo ingefaa. Nilitaka tu ya mke wangu ikae juu ya ardhi hata kwa siku moja.

Bibi alikuja kukagua siku ya Jumamosi asubuhi. Mimi niliwekwa nyuma ya lundo la matofali, na dada yangu akawa mdomo wetu. Sikumwona, lakini nilisikia kila kitu.

Alianza na ramani ya fundi. Dada yangu akaniambia baadaye kwamba mama yule mzee alipofika penye mlango, ambapo hapakuwa na kitu ila vigingi viwili vifupi, aliinama kama anaingia msonge.

"Mama, hapo hakuna kizingiti, ni hewa!"

"Hewa yenye kamba ni ukuta. Wewe umepita katikati ya ukuta sasa hivi, je, u mzimu?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Bibi alizunguka sehemu yake yote, akauliza jiko, akauliza wapi watoto watalala. Alipoonyeshwa, akageuka kutazama upande wa mbele.

"Mwambie baba wa watoto," akasema, "kwamba hapa mtoto akitaka kumwona baba yake itabidi atoke nje, azunguke nyumba kwenye mvua."

Dada yangu akapaza sauti kuelekea kwenye matofali. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Nami nimesikia kwamba amesikia," bibi akasema. "Masikio hayana ukwe. Tuone ile nyingine."

Akaingia katika ramani ya mke wangu kwa mlango wa mbele. Hakuuliza chochote. Aliufuata ukumbi polepole mpaka uwani, akarudi, akasimama katikati. Kisha nilimsikia akimwambia dada yangu kwa sauti ya chini, ambayo nadhani hakukusudia nisikie, "Hiki ndicho chumba alichosema ni cha watoto. Hiki cha katikati. Aliniambia hivyo hivyo."

Sikujua kwamba mke wangu alikuwa amemweleza mama yake. Nilidhani ramani ile ilikuwa ya watu wawili tu.

"Ni nzuri," akaendelea, sasa kwa sauti ya kawaida. "Lakini hapa nitakutana naye kila ninapogeuka. Mwambie anisamehe. Ajenge ya fundi. Watoto watazunguka."

Fundi akaanza kung'oa vigingi vya mke wangu. Nilisikia cha kwanza kikitoka ardhini, na nilijikuta nimesimama.

"Acha," nikasema.

Dada yangu akapiga yowe, "Mama, anakuja! Jifunike!" Bibi alijifunika kitambaa chake usoni, akatembea hadi mwisho wa ukumbi, upande wa uwani, akanipa mgongo. Mimi nikaingia kwa mlango wa mbele nikitazama miguu yangu. Tulikuwa ndani ya nyumba moja, mimi na mama mkwe wangu, nyumba ya kamba, na wala dunia haikupasuka.

Nilichukua kamba nikapima kwa macho, kama ninavyopima kiuno cha koti. Chumba cha watoto kilikuwa katikati ya safu. Mbele ya chumba hicho, pale pale katikati, nikaukata ukumbi kwa kamba, upande huu hadi upande huu. Kisha nikachora kwa kidole mavumbini milango miwili ya chumba cha watoto: mmoja unafungukia kwangu, mmoja unafungukia kwa bibi yao. Fundo la kwanza lilifunguka. Nililifunga tena. Nilikuwa ninaukata ukumbi wake kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijua hivyo.

"Watoto watapita ndani," nikamwambia dada yangu. "Sisi hatutapita. Mlango mmoja ukiwa wazi, mwingine utafungwa."

Dada yangu alianza kuyarudia, bibi akamkatiza.

"Nimesikia, mwanangu, pumzika." Alikuwa bado ametupa mgongo. "Na huo ukuta wa ukumbini, utafika wapi?"

"Mpaka kwenye bati, mama," fundi akajibu. "Ukuta ni ukuta."

"Kwa nini? Mkwe wangu ni twiga, atachungulia?"

Dada yangu aliangua kicheko. Hata mimi nilihisi uso wangu unataka kucheka, na ulikuwa umesahau namna.

"Mwambie mkwe," bibi akasema, "ukuta upite kichwa cha mtu mrefu, basi. Juu uachwe wazi. Mwanangu alitaka upepo upite."

Fundi alilalamika kwamba ukuta usiofika juu utachekwa, kwamba watu watasema matofali yalimwishia. Nikamwambia waseme. Kabla ya kuondoka, bibi alinitumia kwa mkono wa dada yangu buni za kutafuna, zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, kama apewavyo mgeni anayekaribishwa. Nilizitafuna nyuma ya matofali, peke yangu. Hapo ndipo nilipolia. Sijui kwa nini hapo na si siku ya mazishi. Ninaandika tu kilichotokea.

Nyumba ilichukua muda, maana mabati niliyanunua kidogo kidogo. Si wazee wote walioridhika na paa lile moja. Mmoja alikuja, akautazama ukuta, akapiga mluzi, akaenda zake. Dada yangu aliolewa tukiwa bado hatujapiga lipu, na bibi aliingia kwa mlango wa uwani siku hiyo hiyo, akiwa na mtoto mgongoni na kuku mmoja mkononi. Nilihamisha cherehani yangu kutoka Bukoba, nikaiweka barazani, nikawa ninashonea watu wa Buganguzi.

Mwanzoni tulikuwa kama watu wanaobeba maji kwenye sahani. Nilikohoa kabla ya kufungua mlango wowote. Yeye alikohoa upande wake. Binti mkubwa alichoka, akatuambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba nyumba yetu ina kifua kibovu. Lakini watoto walipita. Mdogo alijifunza kutembea katika chumba kile, akishika mlango mmoja na kuanguka kwenye mwingine, na dada yake alimvuta kwa nguo na kumwita kwa jina lake kwa sauti ya kuamuru, kama mtu anayejua kabisa mtoto huyu ni wa nani.

Siku moja, jua likiwa kali na bati linalia, niliacha cherehani nikasimama kwenye mlango wa mbele kupumua. Ile tabia ya zamani. Nyuma ya ukuta watoto walikuwa wakimenya ndizi na bibi yao, na harufu ya maganda ilinijia kwa juu. Sikuwa ninawaza kitu.

"Watoto," sauti ya bibi ikasema, wala si kwa ukali, "mwambieni huyo aliyesimama mlangoni, aingie au atoke. Anatuzibia upepo."

Binti mkubwa akachungulia kwa mlango wangu kuniletea ujumbe. Hakukuwa na haja.

Nikasogea, na upepo ukapita juu ya ukuta.